Muziki, Filamu na Ualimu kwa Msanii Mmoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasanii wa Tanzania Bara na Zanzibar wanaoishi kwa kazi tatu kwa pamoja: kupiga na kutunga muziki, kutengeneza filamu, na kufundisha. Mengi yanamfaa pia msanii wa Mombasa au Lamu, isipokuwa yanayohusu sheria na vibali. Msimamo wetu ni kwamba kazi hizi tatu hulishana vizuri endapo zinatumia vifaa vilevile, kalenda moja, na makaratasi yaliyosainiwa kabla ya kazi kuanza.

Si afadhali kushika fani moja tu?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Lakini huku kwetu kupiga na kufundisha vimekwenda pamoja siku zote. Hukwe Zawose, mpigaji wa ilimba na zeze kutoka Ugogo, alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo huku akipiga katika majukwaa ya nje na kurekodi. Alifariki mwaka 2003. Kinachowaangusha wasanii wa namna hii ni kuahidi tarehe moja kwa watu watatu, na kukosa fani hata moja waliyoiva. Hakikisha ipo moja ambayo ukiitwa usiku ukaifanye asubuhi, hutetereki. Hiyo ndiyo itakayokufungulia milango ya nyingine mbili.

Nianze na ipi, kama bado sijui?

Anza na sauti. Anayejua kurekodi sauti safi anahitajika studio, anahitajika kwenye seti ya filamu, na anaweza kufundisha. Wenye kamera ni wengi, wanaojua kuweka maikrofoni ni wachache, na filamu nyingi za bajeti ndogo huharibikia kwenye maneno yasiyosikika. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, ila mazungumzo asiyoyasikia hayavumilii.

Nikasomee wapi?

TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha muziki, ngoma, maigizo na fani za jukwaa na picha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa za Ubunifu. Kwa taarabu na ala zake, yaani udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), fidla na dumbaki, pana Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2002. Ukipata nafasi ya kukaa mazoezini na kikundi kikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, usiikatae kwa sababu tu hakitoi cheti. Mahadhi na mapambo ya uimbaji hayaandikiki yote kwenye karatasi, na hupatikana kwa kukaa karibu na wanaoyajua.

Mwaka wangu niugaweje?

Fuata mvua, upepo na mfungo. Masika, kati ya Machi na Mei, ni miezi ya studio na darasa: mvua ikipiga bati hakuna maikrofoni itakayookoa mahojiano, na barabara za vijijini hazitabiriki. Juni mpaka Septemba ndio msimu mzuri wa kurekodi nje, ila kusi inavuma kwa nguvu pwani. Bila kinga ya manyoya juu ya maikrofoni utarudi na mngurumo mtupu. Washa pia kichujio cha sauti nzito, kwenye herzi 80 hadi 100, kabla ya kurekodi. Upepo ukishajaza kinasa sauti mpaka kikazidiwa, hakuna programu itakayorudisha maneno yaliyofunikwa.

Zanzibar, Ramadhani husimamisha maonyesho ya hadhara, na harusi hujaa Shaabani na baada ya Idi. Kwa hiyo mwezi wa mfungo uwe wa kuhariri filamu, kuandaa mitaala na kutunga. Kumbuka mwezi huo huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Ukipanga miaka miwili mbele, piga hesabu upya badala ya kunakili kalenda ya mwaka huu.

Mji Mkongwe una ratiba yake ya sauti pia. Angalia saa za adhana kabla ya kumweka mzee mbele ya kamera. Adhana ikianza katikati ya jibu, simama, kisha umwombe aanze sentensi upya, kwani kukata katikati huacha kovu linalosikika. Kwa mwanga, rekodi nje kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mchana jua liko juu ya utosi na macho ya watu hugeuka mashimo meusi.

Na wiki?

Madarasa yakae siku zilezile na saa zilezile, hata ukilipwa kidogo, maana ndiyo yanayoleta kodi ya nyumba. Siku mbili mfululizo ziachwe bila darasa kabisa kwa ajili ya kurekodi au kuhariri. Nusu siku hapa na nusu siku pale hazimalizi filamu. Ukipata safari ya wiki mbili, mwalimu wa kukushikia nafasi awe amekubaliwa na chuo mapema, na umwachie mpango wa somo ulioandikwa.

Vifaa vya kwanza ni vipi?

Nunua kwa mpangilio huu: spika za masikioni zilizofunika sikio lote, kinasa sauti chenye njia mbili za maikrofoni, maikrofoni moja ya fimbo yenye kinga ya upepo, stendi imara, kisha ndipo kamera. Simu nzuri inatosha kwa mwaka wa kwanza. Vifaa hivyohivyo vinarekodi udi, mahojiano na sauti za wanafunzi, ndiyo maana tunaviweka mbele ya lenzi ya bei.

Maikrofoni ya fimbo ikae sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni, juu kidogo, ikielekea kifuani. Ile ya kubandika nguoni ikae kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu, mtandio wa hariri au baibui la kitambaa kinachochakarisha. Kiwango cha sauti kifike desibeli -12 kwenye vilele, ili pawe na nafasi mtu akicheka ghafla. Kabla ya kuondoka mahali popote, rekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba chenyewe. Bila huo ukimya, kila mahali utakapokata sentensi patasikika shimo.

Pwani kuna adui mwingine: chumvi na unyevu. Lenzi ikiwekwa kabatini bila hewa huota ukungu. Tumia kisanduku kinachofunga vizuri, tia vifuko vya kukausha unyevu, na uvibadilishe vikishalowa.

Kwa nini wimbo haushikani na picha?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na sababu zake ni kadhaa.

Ya kwanza ni simu. Simu nyingi hurekodi video kwa kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, inayopanda na kushuka kulingana na mwanga. Ukiiweka moja kwa moja kwenye programu ya kuhariri, midomo inaanza sawa, kisha dakika ya tatu imeachana na sauti. Dawa ni kuigeuza kwanza iwe na kasi isiyobadilika, au kutumia programu ya kamera inayofunga kasi kwenye fremu 25 kwa sekunde.

Ya pili ni masafa ya kurekodi, yaani idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde. Muziki wa CD ni herzi 44,100. Sauti ya filamu ni 48,000. Programu ikisoma faili ya 44,100 kana kwamba ni ya 48,000, wimbo unakwenda mbio karibu asilimia 9 na kupanda zaidi ya nusu toni. Weka kinasa, kamera na mradi wa studio vyote kwenye 48,000 na biti 24 tangu siku ya kwanza, na tatizo hili halitakuja.

Ya tatu ni umbali. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ukipiga picha ngoma ukiwa mita 34 nyuma, maikrofoni ya kamera husikia pigo sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mkono kushuka, yaani fremu mbili na nusu. Usihangaike kutafuta kosa kwenye kompyuta. Sogeza sauti kwa mkono, au weka kinasa karibu na wapigaji.

Ya nne, vifaa viwili visivyounganishwa havihesabu muda kwa usawa kabisa. Kwenye onyesho la saa nzima tofauti ya fremu kadhaa ni jambo la kawaida. Piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni, kisha unyooshe sauti kati ya makofi hayo mawili.

Ipo na ya tano, inayowashtua watunzi: filamu ya fremu 24 ikiharakishwa kuwa 25, muziki wote unapanda karibu asilimia 70 ya nusu toni. Mwimbaji atasikika si yeye. Muulize mwongozaji filamu itatoka kwa kasi gani kabla hujatunga noti ya kwanza.

Picha inapepesa ndani ya ukumbi. Nifanyeje?

Umeme wetu ni wa herzi 50. Weka kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga kwa kila picha, iwe sekunde 1/50 au 1/100. Ukiwa kwenye 1/60 taa nyingi za ukutani zitatoa mawimbi kwenye picha.

Nitungeje muziki wa filamu hatua kwa hatua?

Subiri uhariri wa picha ufungwe. Ukitunga wakati mhariri bado anakata, utatunga mara tatu kwa malipo ya mara moja. Kisha kaeni pamoja na mwongozaji, mtazame filamu nzima bila kusimamisha, halafu mara ya pili mkiandika: muziki unaingia dakika na sekunde gani, unatoka wapi, na kwa nini upo. Sehemu isiyo na jibu la "kwa nini" iachwe kimya. Filamu zetu nyingi zimejaa kinanda kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, na hapo muziki hauna tena nguvu ya kusema chochote.

Baada ya hapo, hesabu mwendo. Kwenye fremu 25 kwa sekunde, mapigo 100 kwa dakika yanaangukia kila baada ya fremu 15 kamili. Mapigo 125 kila fremu 12. Mapigo 75 kila fremu 20. Mapigo 120, ambayo programu nyingi huanza nayo, yanatoa fremu 12 na nusu, kwa hiyo kila pigo la pili linakosa mahali pa kukata. Ukichagua mwendo unaogawanyika vizuri, mhariri atakata juu ya ngoma bila kung'ang'ana.

Chini ya mazungumzo epuka ala inayokaa eneo moja na sauti ya binadamu. Fidla na nai (filimbi ya mwanzi) hupigana na sauti ya mwanamke. Udi wa nyuzi nene au dumbaki laini humpisha. Toa kazi yako kwa makundi tofauti, yaani ala za nyuzi peke yake, mapigo peke yake, uimbaji peke yake, ili mchanganyaji sauti aweze kupunguza kimoja bila kuua kingine. Kwa kadirio la muda, dakika moja hadi mbili za muziki uliokamilika kwa siku ni kasi nzuri. Anayekuahidi dakika 30 kwa siku tatu anakuuzia midundo aliyokuwa nayo kabatini.

Kanuni na kinanda vinapingana. Tatizo nini?

Maqamu, yaani mizani ya noti ya Kiarabu, kama Rast na Bayati yana noti zinazokaa kati ya funguo za kinanda. Katika Rast inayoanzia Do, noti za Mi na Si hushushwa takriban robo toni, yaani senti 50 (nusu toni ni senti 100). Kinanda chenye uwezo wa mizani ya Kiarabu kinaweza kushusha noti hizo peke yake, na mpigaji aongozwe na kanuni, si kinyume chake. Gitaa la kawaida haliwezi. Lipe sehemu zisizogusa noti hizo au liache lipumzike.

Kanuni ya nyuzi 78, zikiwa tatu tatu kwa kila sauti, haisawazishwi kwa dakika tano. Tenga saa nzima kabla ya kurekodi, chumba kikiwa tayari kwenye hali ya hewa mtakayofanyia kazi. Ukisawazisha chini ya kiyoyozi kisha ukakizima ili kupunguza kelele, unyevu unarudi, ngozi na mbao zinavuta, na baada ya wimbo mmoja sauti zimehama. Zimeni kwanza, subirini, ndipo msawazishe. Kwa udi, maikrofoni ikae sentimita 30 hivi kutoka kwenye ala, ikielekea kati ya tundu na daraja. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye tundu utapata mvumo wa chini tu.

Somo zuri la watoto linakuwaje?

Chukua watoto 12 wa miaka 7 hadi 10, ngoma 6, dakika 40. Wapange wawili wawili: mmoja anapiga, mwenzake anapiga makofi ya msingi, wanabadilishana kila dakika tatu. Dakika tano za kwanza ni mwili tu, yaani kutembea kwa mdundo, kusimama, kugeuka. Pigo jipya lisemwe kwa mdomo kabla halijaguswa kwa mkono. Mtoto asiyeweza kulitamka hataweza kulipiga. Ngoma ikiwekwa mikononi mapema, hutasikika tena. Malizia kwa wimbo wanaoujua tayari, ili waondoke na kitu kizima.

Kosa la wasanii wengi wanaoanza kufundisha ni kuonyesha ufundi wao. Mwanafunzi akikupigia makofi ya shangwe, hajajifunza bado. Pima kwa jambo moja: anaweza kufanya nini leo ambacho hakukiweza saa moja iliyopita?

Filamu ifundishweje kwa simu tu?

Zoezi la kwanza: picha sita, kila moja sekunde tano, bila maneno, zikionyesha kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, mfano kukuna nazi au kusuka ukili. Wasihariri, bali wapige kwa mpangilio wake. Kabla ya kutoka darasani, kila mmoja afute lenzi, akague nafasi iliyobaki kwenye simu, aweke simu kwenye hali ya kutopokea miito, na ailaze. Simu moja ikisimama wima katikati ya kundi, kazi nzima ya pamoja inapata mapengo meusi pembeni.

Kama utarekodi watoto wenyewe, mzazi au mlezi asaini karatasi inayosema picha itatumika wapi na kwa muda gani. Ruhusa ya mwalimu mkuu peke yake haitoshi.

Wimbo uliotumika kwenye filamu ni mali ya nani?

Tenganisha haki mbili: utunzi, yaani mashairi na mahadhi, na rekodi yenyewe. Filamu inahitaji ruhusa ya zote mbili. Mtu anaweza kumiliki shairi, mwingine mahadhi, na studio ikadai rekodi. Kwa hiyo, siku hiyohiyo ya kurekodi, kabla ya chakula cha mchana, andikeni ukurasa mmoja: jina la wimbo, nani kaandika maneno, nani katunga mahadhi, asilimia ya kila mmoja, nani amelipia studio, na saini. Asilimia ni rahisi kukubaliana wimbo ukiwa hauna thamani bado.

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kwa sheria ya Bara, haki ya mtunzi hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Haki huzaliwa pale kazi inapotungwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, hukupa ushahidi unaokusaidia kufuatilia mirabaha.

Nyimbo za jadi si za kila mtu kuzifanyia biashara apendavyo. Sheria ya Bara ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na matumizi ya kibiashara yanahitaji idhini. Hata pale karatasi haidai, taja kabila, kijiji na waimbaji kwenye filamu, na uwalipe kama ulivyomlipa mpiga picha.

Kama umeajiriwa kama mwalimu, soma mkataba. Mkataba ukikaa kimya kuhusu kazi za ubunifu, mwajiri anaweza kudai ulichotunga ndani ya saa zake. Omba kifungu kinachosema nyimbo na filamu zako binafsi ni zako, na vitini vya somo ni vya chuo.

Vibali gani vinahitajika?

Bara, filamu hupitia Bodi ya Filamu chini ya sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na wasanii wa muziki husajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Zanzibar ni mamlaka tofauti, BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni), na kibali cha Dar es Salaam hakikusaidii ukishashuka bandarini Unguja. Droni inahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga. Bandari, viwanja vya ndege na majengo ya vyombo vya ulinzi yaache nje ya fremu hadi uwe na barua mkononi.

Nitozeje?

Usitoze kwa wimbo au kwa filamu. Toza kwa siku za kazi. Andika siku za maandalizi, za kurekodi, za kuhariri na za marekebisho, zidisha kwa bei yako ya siku, ongeza usafiri, chakula na uchakavu wa vifaa. Nusu ilipwe kabla ya kuanza. Marekebisho yawe mara mbili ndani ya bei, ya tatu ilipiwe. Msanii anayefundisha ana faida hapa: mshahara wa darasa, hata mdogo, unampa nguvu ya kukataa kazi isiyolipa.

Nilindeje masikio na koo?

Desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 94 una saa moja, na kwenye 100 robo saa. Mazoezi ya taarabu ya kisasa yenye spika kubwa hupita hapo bila mtu kushtuka. Mlio unaobaki sikioni asubuhi ni dalili ya kuumia. Vaa vizibo, na spika zielekee ukutani wakati wa mazoezi.

Kwa koo, usifundishe ukipiga kelele juu ya ngoma. Kubaliana na darasa ishara ya mkono ya kunyamaza. Ukipoteza sauti, usinong'one kwa nguvu, maana hilo nalo huchosha koo. Nyamaza kabisa, na sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa koo.

Kazi zangu nizihifadhi vipi?

Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Sauti ya njia moja, herzi 48,000 na biti 24, ni nusu gigabaiti tu. Weka nakala tatu: diski mbili tofauti nyumbani, na moja nyumba nyingine, si chumba kingine. Usifute kadi siku ya kurekodi. Ifute baada ya kufungua faili kadhaa kutoka kila diski na kuzisikiliza. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, kisha mtu.

Nitume wapi filamu na muziki wangu?

ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar linalofanyika tangu mwaka 1998, ni mlango wa asili kwa filamu za ukanda wa bahari, na tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Februari kwa muziki unaopigwa moja kwa moja. Waandaaji wa muziki wanataka kuona video ya jukwaani isiyokatwakatwa. Klipu ya kupendeza ya kuchezesha midomo haiwaonyeshi kama mnaweza kupiga.

Filamu ya Kiswahili iwe na tafsiri chini ya picha. Mistari isizidi miwili, herufi 40 hivi kwa mstari, na kila tafsiri ikae angalau sekunde moja. Shairi au methali ipewe muda zaidi, na itafsiriwe na mtu anayejua ushairi katika lugha zote mbili. Mwisho wa kutuma usiwe siku ya kutuma: faili kubwa kwa intaneti ya nyumbani huweza kuchukua usiku mzima, na umeme ukikatika unaanza upya. Tuma siku nne kabla.